Tulivyowapeleka Watoto kwa Bibi Yao, Kyela

Kwa miaka 12 ya ndoa yetu, kila ilipokaribia likizo ya Juni tulikuwa na jibu moja tu kwa watoto walipouliza ni lini watapelekwa kwa Bibi: mwakani, inshaallah. Neno hilo tukufu tulilitumia vibaya. Tulilifanya pazia la kufunikia uvivu wetu, na nyuma ya uvivu huo kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukupenda kulitaja mbele ya watoto. Mmoja wetu ni mtu wa Tanga, mtoto wa madrasa tangu utotoni. Mwingine ni Mnyakyusa wa Ipinda, wilaya ya Kyela, aliyesilimu kabla ya nikaha yetu, na mama yake mzazi mpaka leo ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Bibi alikuja Dar es Salaam mara mbili, akawapakata wajukuu na kurudi kwake. Sisi hatukuwahi kuwapeleka watoto wakaona kuta ambamo mama yao alikulia.

Mwezi wa Ramadhani uliopita simu ikapigwa usiku baada ya tarawehe. Bibi alikuwa ameanguka uani. Hakuvunjika, alhamdulillah, lakini macho yake yamepungua sana, na kwenye simu aliuliza swali moja lililotukosesha usingizi: kitinda mimba wetu anafanana na nani? Mtoto ana miaka mitatu. Bibi alikuwa hajamwona, na kwa jinsi macho yake yanavyokwenda, ingewezekana asimwone kabisa.

Ndipo tukatandika mkeka sebuleni, tukaleta daftari, tukaanza kupanga safari.

Ndugu msomaji, kupanga safari ya watoto ni kazi inayowafichua wazazi. Mwenye kalamu kati yetu, yule wa Tanga, alijaza kurasa mbili kwa dakika chache. Twiga wa Mikumi, kimondo cha Mbozi, ziwa la Ngosi lililo ndani ya kreta ya volkano, Daraja la Mungu, fukwe za Matema, meli ya kwenda Mbamba Bay, na siku moja ya kuvuka mpaka wa Kasumulu hadi Karonga nchini Malawi. Yote hayo kwa siku 11, pamoja na mtoto wa miaka mitatu, binti wa miaka minane anayetapika kwenye kona, na mvulana wa miaka 12 ambaye, kwa kuwa aliona kwenye runinga treni za kasi za Japani, alipendekeza kwa moyo mkunjufu kwamba tuache hayo yote twende Tokyo. Tulipomweleza kwamba gharama ya safari hiyo ingekula nyumba nzima na bati lake, aliuliza kama treni ya TAZARA nayo inakwenda hivyo. Baba yake alimjibu kwamba reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina mambo mengi ya kujivunia, ila hilo la kasi si mojawapo.

Mama wa nyumba alilichukua daftari, akakata. Alikata Mbozi, kwa kuwa iko upande mwingine wa Mbeya. Alikata Ngosi, kwa kuwa kupanda ule msitu wenye utelezi ukiwa na mtoto mgongoni ni adhabu. Alikata Karonga, kwa kuwa watoto hawana pasipoti. Alipomaliza, palibaki Bibi, ziwa, na daraja moja la njiani. Tulinuna kidogo. Leo tunakiri kwamba kila alichokikata kilituongezea saa za kukaa, na kwa wazee, saa za kukaa ndiyo zawadi wanayoihesabu.

Kanuni tuliyoifuata tunaitoa hapa kwa familia nyingine iwafae: jambo moja kwa siku moja, na jambo hilo lifanyike kabla ya Adhuhuri. Mchana ni wa kulala na kula. Mtoto aliyechoka hafurahii mlima wala maporomoko ya maji, hulia tu, na kilio chake huharibu hata sala ya jamaa ya watu wazima.

Njia nayo ilihitaji busara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 830, na tangu serikali iruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, wengi hupanda jioni wakaamka wamefika. Sisi tulikataa usiku kwa ajili ya watoto, na tuliikata safari vipande viwili, tukalala Iringa. Tulisali Alfajiri nyumbani, tukaondoka saa 12 asubuhi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, hivyo twiga na tembo wa kwenye daftari tuliwaona bila kulipa kiingilio, kupitia dirishani, na kitinda mimba alidhani wamewekwa pale kwa ajili yake. Baadaye tukapita kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga, ambako binti yetu alifanya alichokuwa amekwisha kututahadharisha. Mifuko ya plastiki tuliyobeba ilitosha. Limau na tangawizi vilisaidia kiasi.

Kuhusu sala: tuliyemwomba asimamishe gari wakati wa Adhuhuri alitutazama kana kwamba tumemwomba ageuze. Hatukugombana naye. Msafiri amepewa ruhusa, na ruhusa ni rehema, basi tuliakhirisha Adhuhuri tukaisali pamoja na Alasiri tulipofika Iringa, rakaa mbili mbili. Mvulana wetu, aliyekuwa amesoma mlango huo madrasa bila kuutumia, alifurahi kama mtu aliyegundua kwamba hesabu za darasani zina kazi sokoni. Alikuwa na swali moja la ziada: huko kwa Bibi tutaendelea kupunguza? Tulimfafanulia kwamba kwa madhehebu yetu ya Kishafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili tangu afikapo. Sisi tulinuia wiki nzima. Akasema kwa masikitiko kwamba tungeweza kukaa siku tatu.

Siku ya pili tulifika Mbeya, tukapata gari la kukodi, aina ya Noah, kwa ajili ya kushuka Kyela asubuhi ya Alhamisi. Hapa tunamwomba msomaji atuvumilie, maana kipande hiki cha barabara, kutoka Uyole hadi ziwani, hakifikii kilomita 120, lakini ndani yake nchi hubadilika mara nne. Uyole mwezi Juni ni baridi ya kuvuta soksi. Barabara hupanda bega la mlima Rungwe, wenye kimo cha mita zipatazo 2,960, ukungu ukitambaa juu ya lami na akina mama wakiuza viazi na njegere kando. Kisha unaingia Tukuyu, na mashamba ya chai yanatandazwa kijani kwenye vilima, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa sikukuu. Halafu inaanza migomba, migomba hadi macho yanachoka, kila nyumba imejificha ndani ya migomba yake. Na hatimaye masikio yanaziba, watoto wanavua masweta, moja, halafu la pili, na ghafla uko bondeni, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, kwenye joto la michikichi, miembe na mashamba ya mpunga. Saa tatu asubuhi tulikuwa tunatetemeka. Saa saba mchana tulikuwa tunajipepea.

Katikati ya mteremko huo tulisimama penye Daraja la Mungu, upinde wa mwamba juu ya mto Kiwira uliotokana na volkano na kuchongwa na maji, ambao mtu anaweza kuutazama akadhani mafundi wameujenga. Binti yetu alisoma kibao, akatafakari, akauliza: madaraja mengine ni ya nani? Hatukuwa na haraka ya kumjibu.

Sasa tufike Ipinda.

Tulikuwa na wasiwasi ambao tuliuzungumza usiku, watoto wakiwa wamelala. Watakula nini kwa Bibi? Unyakyusa hufugwa nguruwe, na nyama yake si jambo la kuficha. Je, tubebe sufuria zetu? Tukizibeba, tutamdhalilisha mama katika nyumba yake, kana kwamba mikono iliyomlea mmoja wetu imegeuka kuwa najisi. Tusipozibeba, tutakula kwa mashaka. Tulimuuliza shekhe wetu kabla ya safari. Alitukumbusha mambo mawili. La kwanza, kwamba vyombo vya watu wa Kitabu, vikiwa na shaka na hakuna vingine, huoshwa vizuri vikatumiwa. La pili, kisa cha Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyejiwa na mama yake aliyekuwa bado katika ushirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, naye akaamrishwa amuunge. Shekhe akaongeza kwa sauti ya chini kwamba miaka 12 ni mingi.

Hatukubeba sufuria. Tulibeba kanga doti tatu, miwani mipya, na dawa ya kuchua magoti.

Bibi alikuwa amekaa barazani, uso umeelekea njiani ingawa njia hakuiona vizuri. Tuliinama, mmoja wetu akapiga goti kama alivyofunzwa, akasema, "Mugonile, Mama." Mikono yake ikaanza kutafuta. Kitinda mimba, ambaye nyumbani huwakimbia wageni, alisimama akaguswa paji la uso, pua, masikio, mashavu. Bibi alimshika kidevu muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili sote tuelewe, kwamba mtoto huyu ni marehemu mume wake mtupu, na akacheka, na machozi yakawa yanamtiririka huku anacheka.

Ilipofika habari ya chakula, alimwita mjukuu wake mkubwa ampeleke nyuma ya nyumba. Pale, ndani ya kanga safi, palikuwa na chungu kipya cha Wakisi, chekundu chenye nakshi nyeupe shingoni, na sufuria mbili zenye karatasi za dukani bado. Kando yake, jogoo mkubwa amefungwa kamba mguuni.

"Hivi havijaguswa na mtu," alisema. "Nilimuuliza mama mmoja Mwislamu pale sokoni, akanieleza. Na huyu jogoo mchinje wenyewe. Mimi sikujua mnavyomwelekeza."

Tuliokuwa tumekesha tukijadili sufuria hatukuweza kutazamana.

Jogoo alichinjwa akielekezwa kibla. Na hapa kuna jambo ambalo msafiri wa kutoka pwani anapaswa kulijua. Dar es Salaam kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Kyela iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla kinainama kidogo upande wa mashariki ya kaskazini. Ukisimama ufukweni mwa Matema kusali, ziwa zima linakuwa mgongoni mwako, na safu ya milima ya Livingstone iko kuliani. Jingine ni saa. Jua la Kyela huzama dakika 20 hivi baada ya lile la Dar es Salaam. Siku ya kwanza tulisoma Maghrib kwa ratiba ya simu iliyobaki na majira ya Dar es Salaam, na Bibi, asiyeona vizuri, ndiye aliyetuuliza mbona tunasali jua bado liko juu ya migomba. Alikuwa analihisi usoni. Tulisali upya.

Ijumaa tulikwenda mjini Kyela. Msafiri halazimiki, lakini tulikwishanuia kukaa, na tulitaka watoto waone kwamba waumini wako hata mwisho wa barabara. Safu hazikuwa ndefu kama za Kariakoo. Watu walitujua kuwa wageni kabla hatujavua viatu, na baada ya sala tulialikwa nyumba tatu kwa chakula kimoja. Mchele wa Kyela, mavuno mapya ya Juni, ulipopakuliwa harufu yake ilijaza chumba. Mchele unaouzwa Dar es Salaam kwa jina hilo, tunashuku, ni mwingi kuliko mashamba yote ya Kyela yanavyoweza kuzaa, na sasa ulimi wetu umepata ushahidi.

Jioni ile alikuja Mjomba, kaka yake Bibi. Huyu ndiye sababu ya ukimya wetu wa miaka 12. Siku ya posa alisema, mbele ya wazee wa Tanga waliosafiri siku mbili, kwamba Waswahili wa pwani walishafika ziwani hapa zamani, na walichokuja kununua ni watu. Posa ilikubaliwa, lakini neno lilibaki.

Sasa mvulana wetu alimuuliza Mjomba, kwa utulivu wa mtoto asiyejua anapokanyaga, zamani huku kulikuwaje. Mjomba alitutazama kwanza. Kisha akasimulia. Akaanza na ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, na mtu aliyeitwa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyejenga boma lake huko na kujiita sultani. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na mila, na walionusurika wakakimbilia kaskazini, upande huu. Ikafuata vita kati yake na kampuni ya Waingereza, mpaka Desemba 1895 aliponyongwa. Mjomba alisema habari hizo alizipokea kwa babu yake, na babu yake hakuzisoma kitabuni.

Mvulana akageuka kutuangalia. Alitaka kujua kama ni kweli, na kama Mlozi alikuwa Mwislamu.

Tulikuwa na njia rahisi ya kutokea. Tungeweza kusema kwamba waliofaidika na biashara ile walikuwa wa kila dini na kila rangi, kwamba Waingereza nao hawakuja ziwani kwa mapenzi ya Wangonde, na yote hayo ni kweli. Lakini mtoto aliuliza swali lenye jibu fupi. Yule wa Tanga kati yetu akasema: "Ni kweli, mwanangu. Alikuwa Mwislamu kwa jina, na alidhulumu watu. Dhuluma haramu haibadiliki kwa kuwa mwenye kuitenda anasali." Kisha akamgeukia mzee. "Mjomba, siku ile ya posa tulikaa kimya. Tulipaswa kukujibu hivi."

Mjomba hakusema kitu. Alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka na baiskeli gizani. Asubuhi yake, kabla hatujamaliza uji, alirudi na samaki wanne wabichi wamefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye usukani, akamkabidhi mvulana, akamwambia hawa hawana haja ya kuchinjwa, ameuliza.

Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu Lyulilo, mbele kidogo ya Matema. Barabara ya lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, kilomita 39 kwa jumla, imeifanya safari hii kuwa ya kawaida. Zamani, wakati wa masika, watu walikuwa wanaihesabu kwa siku. Bibi alikaa mbele. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono huko Ikombe, kwenye ufuko mwembamba chini ya milima, na huvileta sokoni kwa mitumbwi. Tuliona mtumbwi umesheheni vyungu hadi ukingo, vimepangwa kwenye nyasi kama mayai, na wapiga kasia wamekaa juu ya ncha mbili wasizokanyaga chochote. Binti yetu alitaka kujua vingapi huvunjika. Mama muuzaji alimjibu kwamba huvunjika vya mwenye haraka.

Jumapili Bibi alikwenda kanisani, amevaa kanga yetu mpya. Sisi tulibaki, tukafagia uwanja, tukapika ndizi kwa maziwa kama mmoja wetu alivyofundishwa na yeye mwenyewe, ili arudi akute chakula tayari. Watoto walimsindikiza hadi njia panda, wakarudi. Hatukuwapa hotuba yoyote. Kitinda mimba aliuliza Bibi amekwenda wapi, kaka yake akajibu, "Kusali kwao," na wakaendelea kumfukuza bata.

Jumatatu na Jumanne tulilala Matema, na hapa tutasema ya manufaa kwa wazazi. Nyumba za kulala wageni zipo, nyingine za makanisa, nyingine za watu binafsi. Tulipiga simu mapema kuuliza mambo matatu: kuna baa inayopiga muziki usiku, jikoni hupikwa nguruwe, na kuna chandarua kila kitanda. Waliotujibu kwa ukweli tulikwenda kwao. Chakula tulikula samaki na dagaa wa Nyasa siku zote mbili, na shaka zote zikaisha, kwa kuwa kiumbe cha majini hakimwulizi mtu nani alikichinja. Malaria ya bondeni si ya mzaha. Bebeni vyandarua vya ziada na sweta za njiani, mtavitumia vyote.

Ziwa lenyewe. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachokaribia mita 700, na samaki wake wadogo wa rangi, wa aina mamia, hawapatikani kwingine duniani. Takwimu hizo tuliwasomea watoto garini wakapiga miayo. Walipoliona walinyamaza. Mvulana aliyaonja maji kwa ulimi, akapiga kelele kwamba ni matamu, hayana chumvi, kana kwamba ametapeliwa maisha yake yote na Bahari ya Hindi.

Lakini utamu huo una hatari yake, na tungekuwa tumewakosea wasomaji tusingeitaja. Juni hadi Agosti upepo wa kusini huvuma ziwa zima na kuleta mawimbi yake upande wa kaskazini, yaani hapo hapo mnapooga. Maji yasiyo na chumvi hayamwinui muogeleaji kama ya bahari, na karibu na milima chini hukatika ghafla. Asubuhi ya Jumanne mvulana wetu, anayejiona bingwa wa Kigamboni, aliruka wimbi, na liliporudi nyuma likamvuta. Alikuwa mbali nasi kwa hatua kumi tu. Mvuvi aliyekuwa anatengeneza nyavu aliingia majini na nguo zake, akamshika mkono, akamtoa, akarudi kwenye nyavu zake kabla hatujapata pumzi ya kumshukuru. Kisha, bila kututazama, alituelekeza: ogeni asubuhi kabla ya upepo, msivuke magogo yale, na msikaribie mto unapoingilia ziwani, kule ni kwa mamba. Jioni tulimpelekea mchele. Alipokea kwa mikono miwili, akauliza kama mtoto amekula.

Kichocho nacho kipo katika ziwa hili. Epukeni maji yaliyotuama penye matete, jikausheni mara mtokapo, na mkirudi nyumbani muoneni daktari baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa vipimo vikifanywa mapema mno huenda visionyeshe kitu. Mama na binti walioga baada ya Alfajiri, upande wanakofulia wanawake, wamevaa nguo za stara, wala hakuna aliyewashangaa. Meli hatukupanda. MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200, hushuka ufuko wa mashariki kuelekea Mbamba Bay, na mvulana alikuwa anaiota tangu Dar es Salaam. Baada ya wimbi lile yeye mwenyewe hakuikumbusha tena.

Alhamisi asubuhi tuliaga. Bibi alitujazia gari kwa mchele, ndizi, na matunda mawili ya kakao ambayo kitinda mimba aliyakumbatia hadi Uyole. Tulitegemea kwamba atatupa na kile chungu, na tulikuwa tumekwishaandaa kanga ya kukifungia. Tulikikuta amekwisha kukiosha, amekigeuza mdomo chini, amekiweka juu ya uchaga, mahali pa peke yake.

"Hiki hakitoki," alisema. "Ni chao, hakuna mwingine atakayekipikia. Mtakikuta Desemba."

Desemba ni mwezi wa embe kule Kyela, na pia ni mwezi wa mvua. Daftari limeshafunguliwa tena. Mjomba ameomba aletewe kofia ya mkono kutoka Tanga, namba 22.